Wasikilizaji waliokuwamo kitabuni: uchambuzi wa kisa cha mazungumzo katika duka la vitabu Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimewaandikia wenye maduka ya vitabu, wahadhiri, na yeyote anayetaka kuwakutanisha watafiti na watu wa mtaani. Nilihudhuria vikao vyote viwili vinavyoelezwa hapa. Baadaye nilizungumza na mwenye duka, mwandishi, kijana aliyeongoza kikao cha pili, na baadhi ya waliokuja kusikiliza. Jina la duka, la mwandishi, la kitabu na la mtaa unaohusika nimeyaacha, na mambo machache ambayo yangemfichua mtu nimeyabadilisha. Mtiririko wa matukio na sababu za kila uamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Duka, mwandishi na kitabu

Duka lipo katikati ya Dar es Salaam, mwendo mfupi wa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Kama maduka mengi ya vitabu nchini, linaishi kwa vitabu vya kiada. Januari shule zinapofunguliwa, foleni inafika barazani. Miezi miwili baadaye muuzaji anaweza kushinda asubuhi nzima akiuza kalamu na madaftari tu. Mwenye duka ameifanya kazi hii tangu ujana wake. Anakumbuka enzi ambazo mtu aliingia duka la Tanzania Publishing House pale barabara ya Samora kununua kitabu kimoja, akatoka saa mbili baadaye, bado anabishana na mtu aliyemkuta humo. Hali hiyo ndiyo aliyotaka irudi dukani kwake. Anayemsaidia kila siku ni binti yake, na ndiye anayejua nani ananunua nini.

Mwandishi ni mhadhiri wa historia. Kitabu chake kinahusu nyumba za kupanga za Kariakoo, Ilala na Magomeni kuanzia miaka ya 1920, pale kanuni za ujenzi za serikali ya Kiingereza zilipougawa mji katika kanda tatu: Uzunguni upande wa baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo ng'ambo ya pili, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kama mpaka. Kiini cha kitabu ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele. Hoja yake ni nzito. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iligusa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote, nayo yakawa chini ya Msajili wa Majumba hadi yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwenye nyumba ya vyumba sita Ilala hakuguswa. Mwandishi anasema desturi za upangaji tunazoishi nazo leo zilifinyangwa ndani ya nyumba hizo ndogo: kilemba, yaani fedha ya kupata chumba, mbali na kodi yenyewe; kodi ya kulipa mbele; dalali anayekula mwezi mmoja.

Utafiti wake ulikuwa na miguu miwili. Mmoja ni majalada ya Nyaraka za Taifa, mwingine ni masimulizi ya wazee aliowafuata majumbani mwao, akiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na fomu za ridhaa mkononi. Kila mzee aliahidiwa kwamba jina lake halitaandikwa. Kitabu kilitoka kwa mchapishaji wa kitaaluma wa Uingereza, kwa Kiingereza, jalada gumu, bei zaidi ya pauni 70. Wazee waliosimulia hawakuwa wamekiona.

Jumamosi ya uzinduzi

Kikao cha kwanza kiliandaliwa kama uzinduzi, kwa namna ambayo kila mtu mjini anaijua. Meza kuu ilivikwa kitambaa, chupa za maji zikapangwa, maua yakawekwa. Kadi zilisema saa tisa alasiri. Mgeni rasmi alifika saa kumi na moja kasoro, na hapo ndipo shughuli ikaanza. Mshereheshaji aliwatambulisha wageni mmoja mmoja, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia juu. Mkuu wa idara alisema neno, mdhamini akafuata, mgeni rasmi akasoma hotuba kuhusu umuhimu wa kusoma, utepe ukakatwa, na nakala ya kwanza ikapigwa mnada.

Mwandishi alipata muda uliobaki. Alitumia slaidi alizokuwa ameziandaa kwa mkutano wa kitaaluma nje ya nchi, zote za Kiingereza, akaanza na nadharia za mji wa kikoloni. Alieleza vizuri. Waliosoma historia walimfuata. Wengine walitazama picha za zamani kwenye ukuta na kunong'onezana huo ni mtaa gani.

Karibu na mlango walikaa wazee kutoka Ilala aliowaalika mwenyewe, watu wale wale waliompa masimulizi. Walikuwa wamevaa vizuri, kanzu na kofia, kanga mpya. Waliondoka kabla ya mwisho, magharibi ilipokaribia. Nilimkuta mmoja wao nje akingojea bajaji. "Tumemwona mwanetu, amependeza, tumefurahi," akaniambia. "Lakini hatukuambiwa tulisema nini."

Maswali yalikuwa matatu. La kwanza lilitoka kwa mhadhiri mwenzake na lilihusu nadharia. La pili halikuwa swali. La tatu liliulizwa kwa Kiswahili na kijana aliyesimama nyuma kabisa: kwa nini mwenye nyumba wake anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na je, kitabu kinasema lini jambo hilo lilianza? Swali hilo ni moyo wa sura ya nne. Mshereheshaji alisema muda umekwisha na mwandishi atalijibu pembeni. Kijana hakusubiri.

Maamuzi na sababu zake

Kwa hesabu ya fedha, mwenye duka hakuwa na la kulalamikia. Mnada na mchango wa mdhamini vilirudisha gharama na kuacha salio. Ukiondoa mnada, nakala zilizouzwa zilihesabika kwa vidole. Binti ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha mambo: kati ya wote waliokuja, nani ametoka akijua kitabu kinasema nini? Baba na mwana walibishana kwa wiki kadhaa. Mwishowe walikubaliana kurudia, mwandishi yule yule na kitabu kile kile, kwa namna nyingine.

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa kumwacha mgeni rasmi. Mtu wa nje anaweza kuona ni jambo dogo. Mgeni rasmi huja na watu wake, na watu wake ndio wanaonunua nakala kwa bei ya heshima. Mdhamini naye hutoa fedha kwa sababu atakaa karibu naye. Kumwondoa kulimaanisha kumwondoa na mdhamini. Mwenye duka alikubali baada ya binti kumwonyesha kwamba bila meza kuu hakuna turubai, hakuna mshereheshaji wa kulipwa, hakuna chakula cha wageni. Gharama ingeshuka hadi viti, kahawa, kashata na kurudufu karatasi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kusoma kurasa badala ya kutoa mada. Mwandishi alichagua kurasa nne, zinazoeleza maisha ya nyumba moja ya Ilala katika miaka ya 1950. Mchapishaji aliombwa ruhusa, akakubali dondoo fupi itafsiriwe na kugawiwa bure. Kazi ya kutafsiri alipewa mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, naye akafanya zaidi ya alichoombwa. Pale mwandishi alipoandika kwamba kilemba kiliibuka katika kipindi fulani, mfasiri alimuuliza: nani alianza kukidai, na alimdai nani? Mwandishi aliniambia kwamba swali hilo lilimrudisha kwenye madaftari yake ya utafiti kwa siku mbili, kwa sababu sentensi yake ya Kiingereza ilikuwa imepita bila yeye kulazimika kulijibu.

Nakala za kurasa hizo zilitumwa kwa WhatsApp wiki moja kabla, na za karatasi zikawekwa kaunta kwa yeyote aingiaye. Kikao kilipangwa kuanza saa nane na nusu mchana ili kimalizike kabla ya magharibi. Wazee waliwekewa viti vya mbele, vyenye migongo. Uongozaji alipewa kijana mwalimu wa sekondari mwenye sauti ya kutosha, aliyekubali sharti moja: asiongee zaidi ya dakika mbili mfululizo.

Kikao cha pili

Binti alizisoma kurasa nne kwa sauti. Zinaeleza nyumba ya mjane mmoja aliyekaa chumba cha mbele kulia na kupangisha vitano vilivyobaki. Alfajiri alikaanga vitumbua barazani. Fedha za kilemba alizifunga kwenye pindo la kanga, na kwa fedha hizo akawa wa kwanza katika safu yake kuondoa makuti na kuezeka mabati. Wapangaji walipika uani kwa zamu, na zamu ilipangwa na yeye. Choo kilikuwa kimoja.

Alipomaliza, mwongozaji hakumgeukia mwandishi. Aliwauliza wazee kama ndivyo ilivyokuwa. Mzee mmoja alisema kurasa ni nzuri lakini kilemba kimeelezwa vibaya: anayepokea kilemba ni mpangaji anayetoka, kwa kukuachia chumba, na mwenye nyumba alikuwa hana chake hapo ila kodi. Kabla hajakaa, bibi mmoja wa safu ile ile akamjia juu. Kwao Magomeni, alisema, kilemba kilikwenda kwa mwenye nyumba, na mpangaji aliyejaribu kukila alitolewa vyombo nje. Mzee akamjibu kwamba Magomeni ni mji wa juzi. Watu wakacheka, ubishi ukanoga, na kwa muda mwandishi alikaa kimya akiandika.

Kisha akasimama na kufanya jambo ambalo kwangu ndilo lililobeba kisa hiki chote. Hakuamua nani yuko sahihi. Alieleza kwamba majalada ya malalamiko aliyoyasoma yana kesi za aina zote mbili, kisha akaonya kuhusu majalada yenyewe. "Jalada linaandika ugomvi," alisema. "Aliyelipa kilemba akaridhika hakwenda popote kulalamika, kwa hiyo hakuna karatasi inayomtaja. Ndiyo maana niliwafuata ninyi majumbani. Na ninyi nanyi hamsemi kitu kimoja, kwa hiyo nikaangalia nani aliishi wapi, mwaka gani, akiwa mpangaji au mtoto wa mwenye nyumba." Akawaonyesha jinsi mzee aliyelelewa na wapangaji na mtoto wa mwenye nyumba wanavyoweza kusimulia korido moja kwa namna mbili, wote wakiwa wakweli. Chumba kizima kilimfuata. Nilimwona fundi friji wa duka la jirani, aliyekuwa ameingia kuomba chenji, amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Huyo ni bibi yangu"

Mwanamume wa makamo upande wa kushoto aliinua mkono. Alizungumza kwa adabu. "Daktari, samahani. Huyu mjane wa vitumbua ni bibi yangu. Mama yangu alizaliwa chumba hicho." Akaendelea: kurasa zinasema alikula kilemba na kupanga zamu za watu, lakini hazisemi kwamba alilea watoto wa wapangaji waliofiwa, na kwamba alizikwa na mtaa mzima. "Jina hamkuweka. Lakini hapa nani asiyemjua?"

Mwandishi alijibu kwamba hawezi kusema mtu huyo ni nani kwa sababu aliahidi. Mwanamume akasema, "Wewe uliahidi. Mimi namjua."

Hakukuwa na mpango wowote wa hali hiyo. Mwongozaji alitangaza mapumziko ya kahawa, kabla ya wakati wake, na mwandishi akaenda kukaa na yule mwanamume pembeni, karibu na rafu za kamusi. Walikaa huko hadi kahawa ikaisha. Mapumziko hayo yaliokoa kikao: laiti mwongozaji angeruhusu watu wachangie hapo hapo, nusu ya chumba wangeanza kutaja majina.

Waliporudi, mwanamume hakuongea tena. Kipindi kilichobaki kilichukuliwa na suala la kodi ya miezi sita, na hapo vijana walitawala. Mwandishi alijibu vizuri kwa sehemu, akionyesha uhusiano wa kodi ya mbele na upungufu wa vyumba katika vipindi mbalimbali. Baadaye mjadala ukageuka kuwa orodha ya malalamiko juu ya wenye nyumba na madalali, na mwongozaji alichelewa kuurudisha kwenye kurasa. Wanawake vijana walikuwepo wengi lakini waliouliza ni wachache mno, ingawa nyumbani kwao pengine ndio wanaomkabili mwenye nyumba kila mwezi.

Matokeo

Watu waliokuwepo mwishoni walikuwa wengi kuliko walioanza. Kurasa zilizorudufiwa ziliisha, na kwa wiki zilizofuata watu waliendelea kuja kuziuliza kaunta. Kitabu chenyewe hakikuuzika, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya lugha. Kwa kikao hicho peke yake, duka lilipata hasara, ndogo lakini hasara.

Familia ya mjane haikuridhika siku ile. Ndugu mmoja alipiga simu dukani kulalamika kwamba bibi yao amesomwa hadharani. Mwandishi alikwenda kuwaona, akiwa na mfasiri, akakaa nao alasiri nzima. Walikubaliana kwamba katika toleo lolote la Kiswahili vitumbua viondoke, mabati yaondoke, na mtaa usitajike kwa ishara yoyote. Walimwomba pia aongeze habari za watoto aliowalea. Hilo alilikubali kwa sharti kwamba angelithibitisha kwa watu wa nje ya familia, na alifanya hivyo.

Kutokana na maombi ya kurasa, duka na mwandishi waliomba ruhusa ya sura ya nne nzima. Wameipata, na wanaiandaa kuwa kijitabu cha Kiswahili cha bei ambayo mpangaji wa Ilala anaweza kuilipa. Mwenye duka hajaacha uzinduzi wenye mgeni rasmi. Anaufanya kwa vitabu vingine, na salio lake ndilo linalolipia vikao vya kusoma kurasa.

Uchambuzi

Wahadhiri wengi nilioongea nao huamini kwamba ili wasikike nje ya chuo ni lazima wapunguze uzito wa mada. Kisa hiki kinaonyesha kinyume. Kikao cha pili kilikuwa kigumu zaidi kitaaluma kuliko cha kwanza. Uzinduzi ulitoa mahitimisho. Kikao cha kurasa kilitoa ushahidi, mgongano wa ushahidi, na njia ya kuupima. Watu ambao hawakuwahi kuingia Nyaraka za Taifa walielewa kwa nini jalada la malalamiko haliwezi kuaminiwa peke yake. Hilo ni somo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipata kwa taabu. Lilieleweka kwa sababu wasikilizaji walikuwa na kitu mkononi cha kukikubali au kukikataa, na kwa sababu waliulizwa kwanza wale waliokijua.

Kiswahili kilisaidia, bila shaka, ila sidhani kingetosha. Slaidi zile zile zikitafsiriwa zingebaki hotuba. Kilichofanya kazi ni kurasa chache, zilizosomwa mapema, zinazoeleza mahali ambapo wasikilizaji wameishi. Mwandishi wa kitabu cha mikopo ya benki au cha sheria ya ardhi anaweza kufanya hivyo hivyo, mradi achague ukurasa wenye mtu ndani yake.

Hapo hapo ndipo lilipo kosa kubwa la kisa hiki. Kuficha jina ni kinga kwa msomaji aliye mbali. Msomaji wa Uingereza hamjui mjane wa vitumbua na hatamjua kamwe. Ukisoma ukurasa huo huo umbali wa vituo vichache vya daladala kutoka kwenye nyumba yenyewe, jina halihitajiki tena: biashara, paa na mtaa vinatosha. Fomu ya ridhaa iliyosainiwa na msimulizi ilihusu kitabu. Haikuhusu usomaji wa hadharani mbele ya majirani, wala haikuwahusu wajukuu wa mtu aliyesimuliwa na wengine. Hakuna aliyevunja kanuni, na bado familia iliumia. Kwa maoni yangu, kurasa zitakazosomwa karibu na zilikotoka ni lazima zipelekwe kwanza kwa familia zinazoguswa, na kama haziwezi kupatikana, zichaguliwe kurasa nyingine. Duka sasa linafanya hivyo. Kazi hiyo inachukua muda kuliko maandalizi mengine yote pamoja.

Ilipofika zamu ya kodi, mwongozaji alikosa nyenzo. Mjadala wa kilemba ulitulia juu ya karatasi. Wa kodi ya miezi sita haukuwa na karatasi yoyote, ukamwagika. Kurasa mbili za ziada kutoka sura ile ile zingewapa vijana kitu cha kushikilia, na kumpa mwongozaji mahali pa kuwarudisha. Kuhusu wanawake kutoongea, katika vikao vya baadaye maswali ya kwanza yanakusanywa kwa vikaratasi wakati wa kahawa, na yanayoingia kwa njia hiyo mengi yanatoka kwao.

Linabaki suala la bei, ambalo duka haliwezi kulimaliza peke yake. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya kuidumaza Afrika kilitolewa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya hapa Dar, na toleo la hapa ndilo lililowafikia wasomaji wa hapa. Rodney alikuwa mhadhiri Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhadhiri wa leo anapandishwa cheo kwa kuchapisha kwa wachapishaji wenye jina nje, na mkataba anaosaini mara nyingi unampa mchapishaji haki zote, za tafsiri zikiwemo. Mwandishi tuliyemwona katika kisa hiki aliniambia kwamba katika mkataba wa kitabu chake kijacho ameomba kifungu kimoja kiandikwe kabla ya kusaini: haki ya toleo la Kiswahili na la Afrika Mashariki ibaki kwake. Mchapishaji amekubali la Kiswahili. La pili bado wanajadiliana.